Gurudumu la Mninga

Tangu kiharusi kimguse mkono wa kulia, Salhina aliiogopa mashine yake ya kukerezea miti. Mota ilikwenda mbio zilezile za zamani, na patasi ikamruka mkononi kila alipoigusisha kwenye mti.

"Bora niiuze, shemeji," alimwambia Mbwana, mdogo wa marehemu mumewe. "Siiwezi tena."

"Usiiuze bado. Tuipunguze mbio kwanza."

Mbwana alichonga gurudumu la mninga, pana kama sinia, akalifunga kwenye mashine mahali pa puli, kile kigurudumu kidogo cha mkanda, kisha akalivisha mkanda mrefu kutoka kwenye mota. Alipowasha, mota ilivuma kama kawaida, lakini mti ulizunguka taratibu, kama mtu anayejigeuza usingizini.

Salhina alisogea. Akashika patasi kwa mikono miwili, akaigusisha, akangoja iruke. Haikuruka.

"Shemeji," alinong'ona, "mkono unasikia."

Mbwana aliogopa hata kukohoa. Maranda yalitoka membamba, marefu, bila kukatika. Yakamshukia Salhina miguuni, yakazidi kujikunjua kuelekea mlangoni, kwenye jua.