Kamba wa Mwanasiti

Hapakuwa na mtu mtaani aliyejua kulea kamba kumshinda Bi Mishi, ukiwaacha wale wa mwanzo aliowaua wote kwa kutia mkono wenye dawa ya mbu. Kila nyumba ililazimika kufuga kamba wa maji baridi kwenye tangi la kioo ili kupima usafi wa maji ya mfereji, na wakifa, mfereji wa nyumba hiyo hufungwa.

Jirani yake Mwanasiti aliona magamba waliyojivua kamba wa Bi Mishi, akadhani mizoga, akakimbia kushtaki kwa mkaguzi wa maji, na mfereji ukafungwa. Kiangazi kizima Bi Mishi akaombaomba maji ya kupikia. "Ngoja," akaapa, "naye atakuja kwangu na sufuria!"

Leo Mwanasiti alipotoka, Bi Mishi alijipaka dawa ya mbu hadi kiwikoni, akanyemelea jikoni kwa jirani huyo, akautumbukiza mkono tangini akikoroga kama uji. Ndiyo kwanza anavuka kizingiti, Mwanasiti akatokea na mkaguzi wa maji.

"Bibi, ulikuwa humu ndani?" mkaguzi akauliza.

"Mimi? Tangu Idi sijakanyaga hapa, mwanangu."

Mwanasiti alinyoosha kidole tu. Kwenye mkono wa dera la Bi Mishi, uliokuwa ukichuruzika maji, kamba mmoja mwekundu alikuwa bado akitapatapa.