Yai la Tatu

Hebu niambie: yai likivunjika, wewe humtazama nani kwanza?

Katika banda la kuku weupe, wote walimtazama Kanga, mwenye madoa peke yake. Mayai mawili yalishavunjika, na lawama za yote alibebeshwa yeye. La tatu, wakaapa, lingemfukuzisha kazi. Hata hivyo walimwachia zamu zao za kulalia mayai. "Nyinyi wa madoa hamchoki," walimwambia. Manyoya yakaanza kumnyonyoka mgongoni.

Adhuhuri moja, wenzake wakisinzia, alimwendea msimamizi. "Bi Tetea, leo napumzika. Naenda kwa Kobe anitibu mgongo."

"Mwanangu, mbona umekuwa mkali? Sisi hapa ni familia."

"Familia yangu huniacha nilale," Kanga akajibu, akaondoka.

Alirudi jua likipunga, mganga Kobe akimsindikiza polepole. Mlangoni akapokewa na makelele. "La tatu hilo, Kanga! Funga virago!"

Kanga akauliza, "Limevunjika saa ngapi?"

"Sasa hivi!" akafoka Jogoo. "Nimekuona kwa macho yangu!"

Kobe akakohoa. "Tangu adhuhuri yuko nami. Na mimi, mnanijua, huwa sikimbii."

Kwa mara ya kwanza kuku wakatazamana wao kwa wao. Macho yakaishia kwenye kucha za Bi Tetea, zilizolowa ute wa yai.

"Nilisinzia, nikalikanyaga," akasema Bi Tetea. "Na yale mawili ya mwanzo pia ni mimi."