Mtu wa Kutazama

Video haijafika hata katikati, Akeyo akaanza kupiga miayo. Ojera alimwona, akajiuliza. Kama anayelipwa kutazama anasinzia, wakubwa wa timu watafanyaje?

Timu moja ya baiskeli za milimani kutoka Nairobi ilikuwa na nafasi moja tu, na kila aliyeitaka alitakiwa kupeleka video. Ojera, mtoto wa kambi ya polisi, hakuna alichokijua kwa yakini duniani ila kuteremka mlima kwa baiskeli. Baba yake alikuwa ameshasema: wakimkataa hao, mwaka huu anavaa sare ya polisi, apende asipende.

"Shida iko wapi, dada?"

"Shida ni barabara," alisema Akeyo. Alikuwa Mkenya mwenye kistudio chake Mengo, jijini Kampala, na riziki yake ilikuwa video za harusi. "Naona vumbi, naona tairi, naona vumbi tena. Kamera umevaa kichwani, wewe mwenyewe huonekani. Hata kwa harusi, nani anaangalia njia ya kwenda kanisani? Watu wanataka mtu wa kutazama. Tafuta mtu akae mbele yako, umfukuze."

Maneno yale yalimwingia Ojera. Siku hiyohiyo alimwendea Odyek, jirani yake pale kambini, ambaye walikua pamoja. Odyek hakuwa na baiskeli, kwa hiyo Ojera akamwazima ile yake ya zamani.

"Mimi nitakuharibia kazi," alisema Odyek. "Sina mbio kama wewe."

"Nani ametaka mbio zako? Mimi nataka mgongo wako tu."

Wakawa wanapanda vilima vya nje ya mji na kuteremka, Odyek mbele, Ojera nyuma. Masikini Odyek alikuwa mzito kweli. Kila kona Ojera alibana breki asije akampita na kuipoteza picha, mpaka vidole vikafa ganzi. Alisonya peke yake, akavumilia. Siku moja Odyek aliteleza kwenye tope, akaelekea mtaroni, akajiokoa kwa mguu mmoja na kuendelea. Ojera alifurahi kama aliyeokota dhahabu. Kitu kama kile hakipangwi.

Akeyo alikata kila palipopoa kwenye video. Akaacha kona, tope, mtaro, na Ojera akihema karibu na kamera. Mama mmoja aliyefuata video ya harusi ya binti yake alisimama mlangoni, akasahau kilichomleta.

"Huyu atamshika yule?" aliuliza, akabaki amesimama mpaka mwisho.

"Umeona?" Akeyo alimwambia Ojera. "Sasa peleka."

Ojera aliipeleka, akarudi nyumbani kifua mbele. Alimwambia baba yake asijisumbue tena kumtafutia nafasi ya polisi. Tangu hapo Ojera alilala na simu chini ya mto, na kila ilipolia aliirukia.

Mkuu wa timu alipopiga, walikuwa mezani. Ojera aliweka simu kwa sauti, makusudi, ili mzee asikie mwenyewe.

"Ojera, hongera kwa ile video," alisema mkuu. "Ofisi nzima tuliacha kazi tukaitazama. Tukairudia. Kwa wote walioleta, hakuna aliyetubana pumzi namna ile."

Ojera alimtazama baba yake. Mzee aliacha kutafuna, akatikisa kichwa kukubali, jambo ambalo Ojera hakukumbuka mzee alilifanya lini mara ya mwisho.

"Asante sana, mkuu. Sasa naanza lini?"



"Kijana, sisi tunaomba namba ya yule wa mbele. Umemfukuza toka juu mpaka chini, na hukumpita hata mara moja."