Uzi wa Mama Tuli

Mambo yaliharibika Jumatatu ya kwanza baada ya Idi, siku kampuni ndogo ya dhahabu ilipowapeleka wenye hisa kuliona shimo lao. Bei ya hisa ilikuwa imeporomoka, na mkurugenzi alitaka kuwatuliza.

"Wazee wangu, msiuze! Kwa mwaka mmoja tumeshuka mita mia mbili. Dhahabu iko hapo chini."

Watu wakapiga makofi. Mzee Lwambano hakupiga. Baada ya mkewe, Mama Tuli, kufariki, aliuza cherehani ya marehemu akanunua hisa, maana wakubwa wa serikali walitamka redioni kwamba kampuni ni safi. Wao hawakununua hata moja. Nyumbani kilibaki kidonge kipya cha uzi wake wa kushonea, mita mia tatu, na leo alikuja nacho makusudi. Akafunga kijiwe kwenye ncha ya uzi, akapiga goti ukingoni mwa shimo, akaanza kuteremsha.

"Mzee, unavua kambale?" mkurugenzi akatania. Watu wakacheka.

Lwambano aliteremsha taratibu, bila wasiwasi. Mara kijiwe kikagusa chini, uzi ukalegea. Akauvuta, akateremsha tena, ukalegea palepale. Akakiinua kidonge, wote wakakiona: bado kinene, kama kilivyotoka dukani.

"Mwanangu," akasema, "mwaka mzima mlikuwa mnachimba wapi?"