Gari Bubu

Romani alizungusha ufunguo, akatega sikio. Kimya. Akazungusha tena kwa nguvu, na fundi baiskeli wa ng'ambo ya barabara akaruka kama aliyeumwa na siafu.

"Na hili nalo gari!" alisema Romani, akasonya.

Walimwambia mapema: mzee, haibridi ni gari la betri na petroli, hainungurumi, inateleza tu, usije ukashangaa. Ashangae nani? Yeye aliyeendesha basi la Arusha kwenda Dodoma barabara ikiwa vumbi tupu? Alichoshangaa ni kitu kimoja. Eti la kisasa, linawashwa kwa kubonyeza kitufe! Kumbe ufunguo ni uleule wa zamani, na kuna mtu ameshauchomeka. Watu wa mjini kwa kujisifia, hawajambo.

Feisal, kijana mwenye magari ya kukodisha, alikuwa amegeuka kwenda ofisini, anaongea huku amempa mgongo. Hiyo tabia Romani hakuivumilia. Alishamfokea mara mbili asubuhi ileile: "Ukiongea na mtu mzima, mtazame usoni!" Vijana wa siku hizi sijui wamelishwa nini, wanatafuna maneno kama wana ugali mdomoni. Hakumngoja. Aliambiwa gari lake ni la kijivu, na hili hapa la kijivu, milango wazi. Akaingiza gia, akaondoka.

Saa nane alitakiwa awe Bonga. Huko angemkuta Sabrina, mama mwenye kambi ya watalii, aliyenunua haibridi tatu ili wageni wake wawasogelee wanyama bila kuwatimua. Sasa anatafuta dereva mtu mzima, asiyekimbiza magari ovyo.

"Kodi haibridi hapo mjini, baba, uje nayo," alimwambia walipoonana. "Nikikuona unaiweza, kazi ni yako."

Na kazi aliitaka, kuliko alivyowahi kuitaka ile ya kwanza. Miaka miwili sasa alikuwa nyumbani Nakwa anapukuchua mahindi, anatumwa chumvi na mkewe Brigita kama mtoto. Watu wa basi walimpumzisha kwa upuuzi mtupu. Walimpa konda mlegevu, anayegonga bodi kama anampapasa mtoto mchanga, abiria wakipitishwa vituo lawama kwa dereva. Akikosa na hii ya Sabrina, usukani ndiyo basi tena. Hilo alilijua, na lilimkosesha usingizi.

Alipolipita soko aliwasha redio, akazungusha sauti mpaka mwisho. Patupu.

"Gari bubu, redio bubu," alisema. "Na kuna mtu mzima mwenye akili zake ametoa hela akanunua hiki kitu."

Hata hivyo lilikwenda. Sakafu ilikuwa ikitetemeka chini ya nyayo zake, akaona ndiyo mambo ya betri hayo. Mashine ya kusaga ya kijiji cha Singe ilikuwa na adabu zaidi. Lakini breki zilishika na usukani ulikuwa mwepesi. Kwenye lami ya kwenda Dodoma akaanza kujisikia dereva tena, kiwiko dirishani.

Watu walimkodolea macho. Mama mmoja mwenye ndoo ya maharage kichwani alishuka barabarani mapema kabisa, gari likiwa bado mbali, akasimama shambani anatazama. Mbuzi walitawanyika wote. Waendesha bodaboda waliinuka kwenye pikipiki zao, mmoja akimpungia kwa mikono miwili kama anamfukuza nyuki.

"Washamba," alisema Romani, na moyoni alifurahi sana.

Karibu na Bonga alimkumbuka Aniceti, rafiki yake wa tangu enzi za mabasi, ambaye sasa anashona viatu kando ya barabara na kila mchana husinzia juu ya kiatu cha mtu. Leo atamnyemelea amkute anakoroma, amtie aibu. Alipokata kona, Aniceti alikuwa ameshasimama, macho pima, sindano mkononi.

Mbea gani tena kampigia simu huyu? Mji huu huwezi kufanya jambo lako kwa siri!

Nyuma yake kulikuwa na gari lililomfuata tangu mjini, linawasha taa na kuzima, linawasha na kuzima. Anataka kupita huyo. Thubutu! Romani alikaa katikati ya barabara yake, akamtazama kwenye kioo kwa dharau. Watu wanapewa leseni kama pipi siku hizi.

Sabrina alikuwa amesimama barazani mwa duka na watu wengine kama sita, kichwa amekishika kwa mikono miwili. Na wenzake wote vichwa wamevishika hivyohivyo. Romani alisimamisha gari taratibu kabisa, mbele ya miguu yao. Injini hakuizima, makusudi. Akashuka, akafunga mlango kwa madaha.

"Umesikia kitu, mama?" alimuuliza. "Sema kweli. Kwa hili unaweza kumkuta simba amelala, ukamwacha amelala."

Sabrina alikuwa akitazama nyuma ya Romani.

Lile gari la taa lilikuwa limefika. Nalo lilikuwa la kijivu, la aina ileile. Feisal alishuka akihema, jasho linamtiririka, akamshika Romani mabega yote mawili.

"Mzee, haibridi yako ndiyo hii niliyokuja nayo! Hilo limekatika bomba la ekzosi, nilimwachia ufunguo fundi wa kuchomelea!"

Akapitisha mkono dirishani, akazima injini, na pale barazani watu wote wakashusha mikono kutoka masikioni.