Kayaki Isiyo na Tundu

Gundi ilikuwa imeanza kupata moto ndani ya kopo mlango wa uani ulipogongwa.

"Usifungue," Onesphory alimwambia mkewe. "Ikiganda kabla hatujaunga, basi tena."

Lakini Mwanamkuu, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, alikuwa ameshaingia. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mama Severa, mama ametutoka usiku."

Winifrida aliweka brashi chini. Bi Kuruthumu, mama yake Mwanamkuu, ndiye aliyewabeba watoto wote wa Winifrida mgongoni, yeye Winifrida akishinda kwenye duka lao la vitambaa.

"Pole, Mwanamkuu. Pole sana."

"Tunazika baada ya Adhuhuri na sanda sina. Nimezunguka Kariakoo yote mpaka Mchikichini. Nipe bafta nyeupe, hata iliyofubaa."

Onesphory aliwahi kujibu. "Tangu msako wa walanguzi uanze, rafu tupu. Mgambo wenyewe walipekua duka jana, wakatoka mikono mitupu."

Mwanamkuu hakumtazama. Alimtazama Winifrida.

"Hakuna," Winifrida alisema, akainama kuokota brashi.

"Basi. Nitafua shuka lake jeupe. Jua lipo."

Kayaki, mtumbwi mwembamba wa kasia, ilikuwa imelala juu ya magunia, nusu ya chini na kifuniko chake, vyote vya faibaglasi. Mtaa mzima ulikuwa ukimcheka Onesphory. Mtu wa Rombo, kule Kilimanjaro, na bahari wapi na wapi? Hata Mwanamkuu, na msiba wake, alishindwa kujizuia.

"Baba Severa, mbona hukuacha tundu la kukalia? Au utapanda juu kama kuku?"

"Nitalikata baadaye."

Alishusha kifuniko, akaanza kukikaza kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Winifrida alimfuata nyuma akipaka gundi. Mbele kulikubali. Nyuma kifuniko kiligoma. Onesphory alikandamiza, kikabinuka tena, na gundi ilikuwa inaanza kuvuta nyuzi.

"Acha, utaumia bure," Mwanamkuu alisema. Akaweka viganja vyote viwili, akaegemea kwa uzito wake wote hadi pande mbili zikakutana. "Haya, Mama Severa, bandika."

Winifrida alilaza utepe mweupe wa faibaglasi katikati ya vidole vya jirani yake, akaulowesha gundi, uso ameugeuzia ukutani.

"Mama angecheka," Mwanamkuu alisema. "Kila siku akiniuliza, chombo cha Mchaga kinashushwa lini?"

Aliendelea kukandamiza mpaka gundi ikashika. Kisha akainama kutazama pale alipokuwa ameshika. Akafuta viganja kwenye kanga.

"Mazikoni mtakuja?"

"Tutakuja."

Alitoka bila kuaga. Muda mfupi baadaye, ng'ambo ya ukuta, maji yalimiminwa kwenye beseni, na shuka likaanza kufikichwa.

Winifrida alizunguka kukagua kazi. Gundi ilikuwa imeugeuza utepe ule mweupe ukawa angavu kama kioo. Chini yake, pale pale palipokuwa na viganja vya Mwanamkuu, pindo la bafta mpya lilikuwa limebanwa katikati ya mwanya, na muhuri wa bluu wa kiwanda ulisomeka vizuri.