Farasi Aliyenenepa

Farasi alikuwa amenenepa. Hicho ndicho kilichomshtua fundi.

Ilikuwa Jumapili mchana, naye ameketi sakafuni chumbani kwa mwanawe, pedi ya gemu mkononi. Mkewe alikuwa kwa jirani, kule ambako akisema "nakuja sasa hivi" unaweza kubandika maharage yakaiva. Kwenye televisheni, mpanda farasi mwenye kofia pana alisimama katikati ya nyika, na farasi wake aling'aa kama kapakwa mafuta.

Fundi aliijua gemu hii. Ndiye aliyeinunua, enzi hizo mwanawe yuko darasa la sita, wakavamia treni za humo wawili hao mpaka mama mtu akawaita majambazi wake. Na alikumbuka vizuri siku alipoizima kwa hasira, miezi kumi na minne iliyopita: farasi huyu mbavu zilikuwa zinahesabika.

Siku hiyo alimwambia mwanawe, kijana wa miaka kumi na tisa, "Kama gemu ndiyo baba yako, kaiambie ikulishe." Kijana akachukua begi, akatoka. Hakugeuka.

Yeye na mkewe walikwenda polisi. Walikwenda hospitali. Kwa marafiki, stendi, kila mahali. Simu haipatikani. Mwishowe ni mwenzake wa gereji, waliyembatiza Redio kwa sababu hazimiki, aliyempa wazo: "Vijana wa siku hizi hawaandiki barua, mzee. Kafungue magemu yake, huko ndiko wanakoacha alama."

Akafungua orodha ya siku gemu ilipohifadhiwa. Jumamosi, saa nne asubuhi. Ijumaa, saa nne asubuhi. Alhamisi, vilevile. Akashuka nayo wiki baada ya wiki. Kila siku ilikuwemo isipokuwa Jumapili, siku ambayo yeye hushinda nyumbani.

Akairudia orodha toka juu, Jumapili baada ya Jumapili.

Kwa hiyo anakuja. Baba akishaingia gereji, mtoto anaingia nyumbani. Na mama yake anajua.

Akamtazama yule mpanda farasi vizuri. Amenyolewa ndevu. Amevaa koti zito, pamoja na jua lote lile la nyikani. Risasi zote zimo, hata moja haijatoka. Treni ikapita, abiria salama salimini. Yule mwanawe wa zamani alikuwa akipiga risasi mpaka kuku wa watu.

"Amekua," fundi akanong'ona. "Ametulia."

Mlango wa mbele ukalia. Akazima haraka.

"Unafanya nini humo?" mkewe aliuliza.

"Natafuta bisibisi."

"Bisibisi imekuja kulala chumbani kwa mtoto? Toka huko, bwana, utavuruga vitu vyake."

"Kwani vinatumiwa na nani?"

Mkewe akatengeneza mtandio uliokuwa umekaa sawa. "Unaniuliza mimi? Mimi na mitambo wapi na wapi? Televisheni yenyewe si unaniwashia wewe?" Akacheka kidogo, akaelekea jikoni kwa mwendo ambao si wake.

Fundi alimwacha. Hakumlaumu hata. Mama gani asingemficha mwanawe kwa mdomo kama ule aliokuwa nao yeye? Ila angemuuliza, kijana angeonywa, na akipotea mara ya pili ndiyo basi.

Jumatatu, saa tatu na nusu, akaliacha gari la watu juu ya jeki.

"Mzee, unaumwa?" Redio akauliza.

"Naenda kuomba radhi."

"Kwa nani tena?"

"Kwa mwanangu."

Redio akampokea spana, akamfungulia geti.

Njia nzima alikuwa akipanga maneno na kuyapangua. Asianze na "kwa nini". Asitaje kazi, wala shule. Asipandishe sauti, hata akijibiwa vibaya, hata akifukuzwa. Ikibidi atapiga magoti. Mkubwa hajishushi kwa mdogo, watu husema. Aliyesema hivyo hakuwahi kufiwa na mtu aliye hai. Karibu na nyumbani akajikuta anakimbia, mtu mzima na ovaroli lake la grisi, na majirani wakaacha kufua kumtazama.

Mlangoni akavua viatu. Ufunguo ukakataa mara mbili. Ndani, kwato zilikuwa zikisikika toka chumbani, polepole, za farasi asiye na haraka. Akanyata ukutani. Akasikia na sauti, ya chini mno, ya mtu anayezungumza na mwenzake. Wako wote wawili, akajua. Akajifuta uso kwa kiganja, akapaka grisi mpaka kwenye nyusi. Neno la kwanza lilikuwa tayari ulimini: nisamehe.

Akausukuma mlango.

Kijana hakuwemo. Mkewe alikuwa sakafuni peke yake, miwani puani, vidole gumba vikihangaika juu ya pedi, uso karibu ugusane na kioo.

"Baba yako hana hasira tena," alikuwa akimwambia yule mpanda farasi. "Wewe rudi tu."